Fahamu Skeli ya Ramani Kabla ya Kununua Kiwanja

Ukitafuta kiwanja Kwihara, kusini-magharibi ya mji wa Tabora, unaweza kuoneshwa alama kwenye ramani na kuelezwa kuwa kiwanja kiko jirani na tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Kabla ya kulipa, tunakushauri utazame kwanza skeli ya ramani hiyo.

Skeli ni uwiano kati ya umbali kwenye ramani na umbali halisi ardhini. Katika ramani ya 1:50,000, sentimita 1 huwakilisha mita 500. Katika mchoro wa 1:1,000, sentimita hiyo hiyo huwakilisha mita 10 tu. Kadiri namba ya pili inavyokuwa kubwa, ndivyo maelezo yanavyopungua. Katika ramani ya nchi nzima ya 1:2,000,000, Tabora huwa nukta, na Kwihara mara nyingi haionekani kabisa.

Chukua mfano wa kiwanja cha mita 20 kwa 30. Kwenye mchoro wa 1:1,000 kitakuwa na sentimita 2 kwa 3, na mipaka yake itapimika kwa rula. Kwenye ramani ya 1:50,000, kila upande hautafika hata milimita moja. Mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita hufunika mita 25 za ardhi, yaani upana wote wa kiwanja na sehemu ya jirani. Ramani hiyo yaweza kukufikisha kijijini. Haiwezi kuthibitisha mpaka.

Jihadhari pia na nakala zilizokuzwa. Kukuza picha ya ramani, kwa mashine au kwenye simu, hunenepesha mistari bila kuongeza maelezo. Aidha, uwiano ulioandikwa hubaki uleule ilhali vipimo vimebadilika. Tumia skeli ya mstari iliyochorwa kwenye ramani, kwani hukua pamoja nayo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa:

• Omba ramani ya upimaji inayoonesha namba na vipimo vya kiwanja.
• Linganisha namba hiyo na kumbukumbu za ofisi ya ardhi ya halmashauri husika.
• Fika kwenye eneo pamoja na mpima ardhi aliyesajiliwa, mkayaone mawe ya mipaka.

Muuzaji akikuonesha mpaka kwenye ramani isiyoweza kuuonesha, fedha yako ibaki mfukoni hadi hatua hizi zikamilike.