Ogolla: Jenerali aliyeanzia kwa jeshi lililovunjwa

Ukiishi Kibera unajua. Choppa ikipita chini chini, watoto wa Laini Saba wanatoka nje kupiga nduru na kupunga mikono. Labda hata wewe ulikuwa mmoja wao. Na labda sasa una cheti chako cha KCSE kwa bahasha ya kaki, unangoja KDF watangaze usajili. Kabla hujajitokeza uwanjani, nikupe stori ya Jenerali Francis Ogolla.

Wengi wetu tulimjua siku aliyokufa. Mimi nataka tuanzie alikoanzia.

Agosti 1, 1982, wanahewa wakiongozwa na Hezekiah Ochuka walijaribu kumpindua Rais Moi. Walitangaza kwa redio kwamba wamechukua nchi, lakini siku haikuisha kabla hawajashindwa. Jeshi lote la Wanahewa likavunjwa, likaundwa upya na hata jina likaenda: likaitwa '82 Air Force hadi 1994.

Sasa fikiria kijana Mjaluo wa Siaya akijiunga na jeshi Aprili 24, 1984, hata miaka miwili haijaisha. Ochuka pia alikuwa Mjaluo. Mwaka uliofuata kijana anapata cheo cha Luteni wa Pili na kupelekwa wapi? Kwa hao hao wanahewa. Wewe ungeenda?

Alienda. Akafunzwa Marekani kuendesha ndege za kivita, akarudi kuwafunza wengine. Akasomea kupambana na ugaidi, na pia uchunguzi wa ajali za ndege (hiyo inaniuma kila nikiikumbuka). Akasoma Paris. Mwaka 2018 akawa kamanda wa Jeshi la Wanahewa.

Halafu kuna ile stori ya Bomas, na siwezi kuiruka. Baada ya uchaguzi wa 2022 alitajwa kati ya maafisa waliodaiwa kwenda kuishawishi IEBC ibadilishe matokeo. Ruto mwenyewe aliongea kuhusu jambo hilo hadharani. Bado ni Ruto huyo huyo aliyempa kazi ya Mkuu wa Majeshi, Aprili 2023. Kuna watu mtaani hawajawahi kuelewa hiyo hesabu. Mimi naona aliajiri rekodi ya kazi.

Aprili 18, 2024, alikuwa amezuru wanajeshi wa operesheni ya Kaskazini mwa Bonde la Ufa. Helikopta yao ikaanguka Sindar, Elgeyo Marakwet. Kati ya watu 12, wawili tu ndio waliopona. Zilikuwa zimebaki siku 6 atimize miaka 40 jeshini.

Alikuwa ameacha maagizo: azikwe ndani ya masaa 72, bila jeneza. Jumapili hiyo, Aprili 21, kule Alego, rais akiwa pale na gwaride limepangwa, Mkuu wa Majeshi alishushwa kaburini akiwa amefungwa kwa kitambaa tu.