Kuchora, kuimba na kuigiza baada ya shule: kwa nini kituo cha afya kinawaita mabinti



Wazazi wengi wanauliza: kituo cha afya kina kazi gani na watoto wanaochora? Wanaona mabinti wa miaka 10 hadi 14 wamekaa chini ya turubai alasiri, wanapaka rangi, wanaimba, wanaigiza, na huku nyumbani mabidoni hayana maji. Swali hilo ni la haki. Hatuwezi kulijibu kwa kusema tu kwamba watoto wanapenda kucheza.

Mtoto aliyeona nyumba ikiungua, au aliyetembea usiku porini akishikwa mkono, mara nyingi hana maneno ya kueleza jambo hilo. Lakini mwili wake unalikumbuka. Mlango ukigongwa, moyo unaenda mbio. Usingizi unakatika. Tumbo linauma, na muuguzi akipima haoni ugonjwa. Wengine wamezaliwa hapa hapa kambini na vita hawakuviona. Hao wanabeba hofu za wakubwa wao na uchovu wa kusubiri miaka bila kujua kesho.

Kuchora kunamsaidia mtoto aweke mbele ya macho kitu kilichokuwa kimefungwa ndani. Anaweza kukitazama, kukikunja, au kukiongezea mlango na jua. Anayeamua ni yeye. Kuimba kunataka pumzi ndefu, na pumzi ndefu hutuliza mwili. Michezo ya kupiga makofi na kuruka kamba inataka mmoja amsikilize mwenzake, na hilo ni dawa kubwa kwa mtoto aliyezoea kujitenga. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti iliyokusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Ripoti ilionyesha kwamba sanaa husaidia kuzuia baadhi ya matatizo na kusaidia matibabu. Haikusema kwamba sanaa inachukua nafasi ya dawa, na sisi hatusemi hivyo.

Kwa nini mabinti peke yao?

Tazameni kambi saa tisa alasiri. Wavulana wako uwanjani na mpira. Mabinti wako wapi? Wako kwenye bomba la maji, kwenye kuni, au wamebeba mdogo wao mgongoni. Tena huo ndio umri ambao mwili unabadilika, hedhi inaanza, na baadhi ya watu wanaanza kumwita mtoto “mkubwa sasa”. Anahitaji mahali ambapo anaweza kumwuliza mama mwezeshaji jambo asiloweza kuuliza mbele ya baba au kaka. Binti asiyesoma shule pia anakaribishwa, na binti mwenye ulemavu vilevile. Neno “baada ya shule” linaonyesha saa tu.

Vifaa ni vichache. Tunachora kwa makala juu ya maboksi yaliyokatwa, tunafinyanga udongo, tunashona vipande vya kitenge. Kazi inayowapendeza kuliko zote ni mchezo wa kuigiza. Kikundi kinatunga habari, kwa mfano binti anayeitwa na mtu mzima anayemwahidi sabuni au simu. Mchezo ukifika mahali pa hatari unasimamishwa, na watazamaji wanaulizwa: angefanya nini? Binti mmoja anaingia mahali pa mchezaji na kujaribu jibu lake. Mwingine anajaribu lingine. Njia hii ilienezwa tangu miaka ya 1970 na Augusto Boal, mtu wa tamthilia wa Brazil, ili watu wajizoeze jambo gumu kabla ya kukutana nalo barabarani. Binti aliyekwisha kusema “hapana” kwa sauti kubwa mbele ya wenzake ana sauti hiyo tayari siku atakapoihitaji.

Mambo yasiyoruhusiwa

Mwezeshaji hamlazimishi mtoto kuchora vita. Hamsukumi aeleze yaliyompata. Mwongozo wa mashirika ya kibinadamu wa mwaka 2007 kuhusu afya ya akili katika dharura unaonya juu ya kumsukuma mtu asimulie mateso yake mara moja kisha kumwacha hivyo. Picha ni mali ya binti. Haibandikwi ukutani wala haionyeshwi wageni bila yeye kukubali.

Wazazi, nanyi mfanye hivyo hivyo. Binti akileta picha nyumbani, msimcheke na msimhoji kama askari. Mwambieni, “Nieleze picha yako,” halafu nyamazeni. Akisema ni nyumba tu, basi ni nyumba tu. Picha nyeusi si lazima iwe na maana mbaya. Mara nyingi ni kwamba makala ndiyo yaliyokuwepo.

Kikundi peke yake hakitoshi

Hapa tuseme ukweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia wasichana 869 wa miaka 10 hadi 14 katika Kivu Kusini, kwetu sisi wengi. Walikuwa na vikundi vya kujifunza stadi za maisha, na wazazi wa baadhi yao waliitwa pia kwenye mazungumzo yao wenyewe. Wazazi hao walionyesha mapenzi zaidi kwa mabinti zao, na hilo ni jambo jema. Lakini ukatili dhidi ya mabinti hao haukupungua kuliko kwa wengine. Maana yake ni kwamba mtoto hawezi kujilinda peke yake kwa nyimbo na michoro. Wanaotenda ukatili ni wakubwa, na wakubwa ndio wenye kuuzuia.

Kwa hiyo tunaomba mambo ya kawaida kabisa. Kaka achote maji siku mbili kwa wiki, mikono anayo. Mabinti warudi pamoja kwa mitaa yao kabla giza halijaingia, na mzazi mmoja wa kila mtaa awangoje njiani. Jueni pia kwamba kikundi ni bure. Mfanyakazi yeyote wa msaada akidai kitu kwa binti ili amwandikishe, au ampe kalamu au chakula, amevunja sheria. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2003 inakataza wafanyakazi wake kufanya ngono na mtu aliye chini ya miaka 18, hata kama inasemwa kwamba amekubali au kwamba umri wake haukujulikana.

Siku ya kuja kituoni

Binti akibadilika kwa zaidi ya wiki mbili, halali, anakataa chakula, ameanza tena kukojoa kitandani, au hataki kuonana na mtu, mleteni. Akisema anataka kufa, mleteni siku hiyo hiyo na msimwache peke yake.

Akisema amebakwa, iwe kwa mdomo, kwa picha au katika mchezo, msiitishe kwanza kikao cha ukoo. Mleteni mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ni lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Dawa ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120. Saa hizo zikipita, mleteni hata hivyo. Kuna matibabu mengine na kuna msaada wa mazungumzo. Msimwulize alivaa nini wala alikwenda kufanya nini.

Anayetaka kumwandikisha binti amwone mhamasishaji wa afya wa mtaa wake. Siku ya kwanza mama au baba aje naye, akae mpaka mwisho, aone mahali na awajue wawezeshaji kwa sura. Binti avae nguo ya kazi, kwa sababu makala na udongo havitoki upesi.