Je, Wajua? Maji Yanayokataa Kuchemka

Je, wajua kwamba sufuria ya Gikondo, hapa Kigali, haifiki nyuzi 100? Jiji limekaa mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji yanatokota kwenye nyuzi 95 tu. Ndiyo maana maharage hapa yanakula makaa kuliko ya Mombasa.

Shinikizo likipanda, kiwango cha kuchemka nacho hupanda. Lakini je, wajua kwamba kuna mahali kuchemka kunakwisha kabisa? Ni nyuzi 374, shinikizo likiwa mara 218 ya hewa ya pwani. Hapo mapovu hayapo, wala mpaka kati ya maji na mvuke. Kinabaki kitu kimoja, uzito wake theluthi tu ya maji ya mtungini.

Dalili za hali hiyo ziligunduliwa kwa masikio! Mwaka 1822 Mfaransa Charles Cagniard de la Tour alifungia vimiminika na gololi ya jiwe ndani ya mtutu ulioziba, akaupasha moto huku akisikiliza mlio wa gololi ukibadilika.

Boila ya kawaida ya mtambo wa umeme ina tangi juu, ambamo mvuke huachana na maji. Boila inayovuka shinikizo lile la mara 218 haina haja nalo, kwa kuwa hakuna cha kutenganisha: maji huingia upande huu wa bomba na kutokea ule, yakielekea kwenye turbini. Mtambo wa Philo, jimboni Ohio, Marekani, ulianza kuuza umeme wa namna hiyo mwaka 1957. Faida ni makaa machache kwa umeme uleule. Kero ni chumvi. Maji hayo huyeyusha mafuta lakini huitema chumvi, ikaganda mabombani, kwa hiyo lazima yasafishwe kuliko ya kunywa.

Rwanda? Mtambo wa Gishoma, uliojengwa kuchoma nyiramugengeri kwa megawati 15, ni mdogo mno kwa mambo hayo. Mtambo wa KivuWatt ndio kabisa: gesi ya Ziwa Kivu inaendesha injini, bila boila.

Je, wajua kwamba hata Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, halitoshi kufikia shinikizo lile la mara 218? Uzito wa maji yake unafika shinikizo la mara 140 na ushee. Inahitajika mita 2,200 hivi. Baharini zipo: mwaka 2008 wanasayansi walitangaza chemchemi ya nyuzi 407 chini ya Atlantiki, kwenye kina cha mita 3,000.