Punda wa Chama na Adha ya Nzi Wakati wa Joto



Mkaguzi huzoea kutafuta hasara katika daftari la fedha, lakini pengine hasara huanzia zizini. Katika ukaguzi wa chama kimoja cha msingi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, nilikuta hati za malipo ya pikipiki ya kukodi kwa muda wa siku 19 mfululizo, ilhali chama hicho kina punda wawili wa kubebea maziwa. Nilipotaka maelezo, nilipelekwa zizini. Punda mmoja alikuwa mzima. Wa pili alikuwa na kidonda chini ya jicho na kingine begani, nzi wamemjaa, naye akirusha mateke kila alipotaka kutandikwa. Mtunzaji wake akaniambia, "Huyu ni mkorofi, Bwana Mkaguzi. Mwenzake anaumwa na nzi hao hao, naye ametulia."

Punda yule hakuwa mkorofi. Wapo wanyama ambao ngozi yao haivumilii mate ya wadudu wanaouma. Mwenzake akipata alama ndogo, yeye huvimba, huwashwa, hujisugua kwenye miti mpaka manyoya yakatoka na ngozi ikachubuka. Mnyama wa namna hiyo hahitaji fimbo, bali kinga.

Adui ni wa aina tatu

Kwanza ni nzi wa kawaida. Huyu hang'ati, ila hufuata unyevu wa macho, wa pua na wa vidonda. Pamoja na uchafu, huweza kubeba mabuu ya minyoo fulani ya tumbo la punda na kuyaacha kidondani. Kidonda hicho hukataa kupona msimu wote wa joto.

Pili ni yule nzi anayefanana naye lakini mwenye mdomo mgumu wa kufyonza damu. Huuma zaidi miguu na tumbo. Ukiona punda anapiga kwato chini bila kukoma, mtazame miguuni.

Tatu ni usubi, mdudu mdogo mno atokaye jioni na alfajiri. Huyu ndiye mara nyingi awashaye shingo, penye manyoya marefu, na shina la mkia.

Zizi lisafishwe kwanza

Dawa haitafaa ikiwa nzi wanazaliwa miguuni pa mnyama. Nzi wa kawaida hutaga mayai zaidi ya 100 kwa mara moja katika samadi mbichi, na wakati wa joto yai huweza kuwa nzi kamili katika siku 7 hadi 10. Kwa hiyo samadi iondolewe kila siku, na ikishindikana kabisa, mara mbili kwa juma. Irundikwe mbali na zizi na kufunikwa, kwa maana joto la ndani ya lundo huua mabuu. Nyasi zilizooza na kulowa mkojo nazo ziondolewe, kwani ndimo azaliwamo yule nzi wa kufyonza damu.

Kumkinga punda mwenyewe

Wakati wa jua kali punda apewe kivuli mahali penye upepo, kwa kuwa usubi hauwezi kuruka vema penye upepo. Kwenye hatamu, juu ya macho, zifungwe nyuzi au vipande vyembamba vya kitambaa vinavyoning'inia. Kila atikisapo kichwa, nzi hufukuzika. Visiguse mboni.

Matandiko na shogi vikaguliwe kila asubuhi. Panapochubuka ndipo nzi hutua. Kidonda kidogo kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, na punda apumzishwe mpaka apone. Oili chafu ya gari isipakwe kamwe. Huunguza ngozi na kuingiza sumu. Kidonda kisichopona, au kilicho karibu na jicho, ni kazi ya afisa mifugo, ambaye huenda akatoa dawa ya minyoo pia.

Dawa zenye asili ya pareto, zao la baadhi ya vyama vyetu vya nyanda za juu, hufukuza na kuua nzi. Nguvu yake huvunjwa upesi na jua, hivyo hurudiwa kama maelekezo ya chupa yasemavyo. Kwa punda mwenye ngozi nyepesi, jaribu kwanza mahali padogo shingoni na kungoja siku moja.

Onyo kuhusu josho

Hapa naomba makatibu wasome kwa makini. Dawa nyingine za josho la ng'ombe zina amitrazi. Dawa hiyo humfaa ng'ombe, lakini kwa punda na farasi huweza kuzuia matumbo yasifanye kazi. Chakula hukwama, mnyama hushikwa na tumbo na pengine hufa. Punda asipitishwe katika josho la namna hiyo, wala asipakwe masalio yake kwa kitambaa. Soma karatasi ya dawa, na usipoielewa muulize afisa mifugo. Katika chama nilichokitaja, mtunzaji alikuwa amekwisha kumfunga punda kamba ili ampeleke joshoni siku ile ile.

Wajibu wa chama

Bodi imtaje mtu mmoja wa kuondoa samadi na kukagua matandiko, na katibu aweke ukurasa wa punda katika daftari: siku alizofanya kazi, siku alizougua, na fedha iliyolipwa badala yake. Nilipozuru tena chama kile, zizi lilikuwa kavu, punda "mkorofi" alikuwa amevaa nyuzi usoni na kubeba maziwa, na hati za pikipiki zilikuwa zimekoma. Fedha ile ni ya wanachama, nayo ilikuwa ikipotea kwa sababu ya samadi ambayo koleo moja lingeiondoa.