Misri: Koleo Lilivunjika, Uhunzi Ukabaki

Wahenga walinena kuwa kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Raia wa Misri wanaujua vyema ukweli huo. Mnamo Januari 25, 2011, walimiminika katika uwanja wa Tahrir jijini Cairo wakidai mkate, uhuru na haki. Baada ya siku 18, Hosni Mubarak, aliyetawala kwa karibu miaka 30 chini ya sheria ya hali ya hatari, aling'atuka.

Vifijo vilihanikiza, lakini hatamu zilitwaliwa na jeshi. Mohamed Morsi alichaguliwa mwaka 2012. Julai 2013 jeshi likampindua. Novemba mwaka huo sheria mpya iliwapa polisi uwezo wa kuzuia maandamano. Njia iliyomng'oa Mubarak ikazibwa. Mwaka 2019 katiba ilirekebishwa, Rais Abdel Fattah el-Sisi akafunguliwa mlango wa kutawala hadi 2030.

Nionavyo mimi, mwananchi wa kawaida, hawakukosea kuandamana. Walikosea kudhani kuwa mtu akiondoka, mfumo huondoka naye. Walimu, wafunzeni vijana wetu waulize nani atatawala, kisha waulize nani atamdhibiti.