Unamkimbia Nani, Mwanangu?

Mama aliniuliza swali hilo saa kumi na moja alfajiri, nikiwa nimechuchumaa mlangoni nafunga kamba za raba. Kiharusi kimemchukua upande wa kulia na kuufanya ulimi wake mzito, kwa hiyo kila neno analolitoa sasa amelichagua. Sikumjibu. Nilisogeza kikombe cha maji karibu na mkono wake mzima, nikamkabidhi mdogo wangu zamu, nikatoka.

Msasani saa hiyo ina wenyewe. Wavuvi wanarudi, wachuuzi wanawasubiri na ndoo zao, na ukisogea upande wa Coco Beach unazisikia klabu za jogging zikiitikia nyimbo za mchakamchaka. Mimi nilikuwa nyuma ya wote: nakimbia dakika mbili, natembea moja, na pumzi inakwama kifuani. Nilikuwa nimejiandikisha kilomita 21 za CRDB Bank Marathon, mbio zinazofanyika hapa Dar es Salaam tangu 2020. Fedha zake zimesaidia upasuaji wa watoto wenye maradhi ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na matibabu ya akina mama wenye fistula pale CCBRT, hospitali iliyo hapa hapa Msasani. Kwa Mama sikuwa na la kufanya zaidi ya kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo, na kumhesabia vidonge. Kwa mtoto nisiyemjua, angalau niliweza kulipa ada na kukimbia.

Lakini swali lake lilinifuata barabarani, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Nilikuwa nakikimbia kile kilichomlaza yeye.

Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika maeneo mawili ya Tanzania: sehemu za Dar es Salaam, na wilaya ya Hai kule Kilimanjaro. Matokeo yalitoka 2010 katika jarida la The Lancet Neurology. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya kama 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar ilikuwa na kama 316. Nchi moja, na jiji letu karibu mara tatu. Nyuma ya viharusi vingi iko presha, na presha haiumi. Mama alipika, akafua, akaenda harusini na misibani, miaka yote hiyo akiwa nayo.

Ili kuelewa presha inavyofanya kazi yake, fikiria manati. Mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, aota, umejaa nyuzinyuzi zinazovutika kama mpira wa manati. Moyo ukipiga, aota inatanuka na kuipokea damu; moyo ukipumzika, aota inajirudi na kuisukuma damu mbele. Kwa hiyo damu inaendelea kwenda hata katikati ya mapigo mawili, na kishindo cha moyo kinapungua kabla ya kufika kwenye vimishipa vyembamba vya ubongo na figo. Sasa chukua mpira huo uuache juani miaka arobaini. Unakakamaa. Aota nayo hukakamaa kadiri tunavyozeeka, na presha huharakisha kazi hiyo. Namba ya juu kwenye mashine ya presha inapanda, na kile kishindo kinapiga moja kwa moja mahali pasipokistahimili.

Je, mpira ukishaanza kukakamaa unaweza kulainika tena?

Swali hilo lilijibiwa kwa sehemu na watu kama mimi. Huko London, kikundi cha watafiti wakiwamo madaktari Anish Bhuva na Charlotte Manisty kiliwachukua watu 138 ambao hawakuwahi kukimbia marathoni, wastani wa umri wao miaka 37, waliojiandaa kwa London Marathon ya 2016 au ya 2017. Waliwapima presha na kuwapiga picha za MRI kabla ya mazoezi, kisha wakawarudia baada ya mbio. Katikati palikuwa na miezi sita ya mazoezi ya kawaida ya mtu anayeanza, yanayokadiriwa kuwa kilomita 10 hadi 20 kwa wiki. Ripoti yao ilichapishwa Januari 2020. Presha ilikuwa imeshuka, milimita 4 za zebaki namba ya juu na 3 namba ya chini, na aota zao zilikuwa zimelainika kiasi cha kurudi nyuma karibu miaka 4.

Kilichonigusa zaidi ni nani waliofaidika kuliko wengine: wenye umri mkubwa zaidi, na waliokimbia polepole zaidi. Yaani wale ambao siku ya mbio wanafika wakati wengine wameshavaa medali na wanakunywa soda.

Sababu moja ya mishipa kulainika kwa mazoezi iko kwenye ngozi yake ya ndani. Damu ikienda kasi inausugua ukuta wa mshipa, na chembe za ukuta huo hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, ambayo huulegeza msuli wa mshipa. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo mwilini uliwapa Wamarekani watatu Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Kila unapokimbia, hata kwa mwendo wa kuweza kuzungumza, unausugua ukuta huo.

Na si lazima iwe marathoni. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris wa Uingereza alilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa siku nzima. Konda alipanda na kushuka ngazi akikusanya nauli. Makonda waliugua moyo mara chache zaidi, na walipougua, wengi zaidi walipona. Basi lile lile, moshi ule ule.

Lazima niyaseme na mapungufu, kwa sababu mwenye mgonjwa nyumbani hushika kila tumaini. Utafiti wa marathoni haukuwa na kundi la watu waliokaa tu ili kulinganisha. Waliopimwa hawakuwa na ugonjwa wa moyo unaojulikana. Tena ulipima mishipa, haukuhesabu viharusi. Mwenye presha akapimwe kwanza hospitali, na vidonge vyake asiviache hata kidogo.

Kwangu, jambo kubwa ni zile kilomita 10 hadi 20 kwa wiki. Kwa miezi nilikuwa nimejiambia kwamba anayeuguza hawezi kujiandaa, kwamba nisubiri mambo yatulie. Mambo hayatulii. Kuna wiki Mama alipata homa nikakimbia mara moja tu, na kuna siku nilifika Daraja la Tanzanite nikapigiwa simu, nikarudi na bajaji. Lakini mbio zangu za siku tatu kwa wiki, mbovu mbovu, ndizo zilizokuwa zikifanya kazi kwenye mshipa.

Jumapili moja jioni, nikimkanda mkono wa kulia, nilimweleza Mama yote haya: manati, London, makonda. Nilimwambia kwamba mwili wake ndio mwili wangu, na kwamba simkimbii yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yamefumbwa, nikadhani amelala.

"Hao wa polepole," akasema, "ndio walipata zaidi?"

"Ndiyo, Mama."

Akafikiri. "Basi kesho usiwafuate wale wanaoimba. Watakukimbiza."