Kuikagua Nakala ya Lee-Enfield: Je, Sehemu Zake Ni za Mwaka Mmoja?

Bunduki ikiwa na kitako cha mbao, mkanda wa turubai na chuma kilichopauka, wengi huridhika kwamba ni ya vita vya zamani. Mkaguzi wa nakala za kihistoria haridhiki upesi hivyo. Huuliza kwanza: ni ya mwaka gani, ya kiwanda kipi, ya jeshi gani? Majibu yakigongana, nakala ina kasoro, hata kama inapendeza machoni.

Nakala zinazozungumziwa hapa ni za easofti, mchezo uliozaliwa Japani, nchi yenye sheria kali za silaha. Hurusha vidonge vya plastiki vya milimita 6 kwa nguvu ya springi, gesi au betri. Baadhi ya wachezaji wa Ulaya na Marekani huigiza mapambano ya Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili, na kwao bunduki isiyolingana na sare huharibu kazi nzima.

Lee-Enfield fupi ya Mwingereza ndiyo mtihani mzuri kuliko zote. Toleo lake mashuhuri, Mark III, liliidhinishwa Januari 1907, likiwa na urefu wa takriban sentimita 113 na uzito unaokaribia kilo 4. Iliitwa fupi kwa kuwa mtutu wake ulikuwa wa sentimita 64 tu, ili bunduki moja iwatosheleze askari wa miguu na wapanda farasi. Mdomoni imefunikwa na kofia nzito ya chuma, na mtutu hauchomozi. Anayeona mtutu uliochomoza mbele ya mbao anatazama Namba 4, bunduki ya Vita Kuu ya Pili. Kasoro hiyo huonekana ukiwa umbali wa hatua kumi, na nakala ya aina hiyo haifai kabisa kwa mahandaki ya Somme ya 1916.

Kuanzia hapo kazi huhitaji macho ya karibu. Mark III ya mwanzo ina kibao cha chuma upande wa kulia, kinachoziba magazini ili askari apige risasi moja moja na kubakiza akiba. Upande wa kushoto ina kilengeo cha kisahani cha kulenga kikosi kizima cha adui kutoka mbali sana. Vita vilipopamba moto, viwanda vilishindwa kukidhi mahitaji, na vitu hivyo vikaonekana anasa. Toleo lililorahisishwa, Mark III yenye alama ya nyota, likaviacha. Basi nakala yenye chapa ya nyota, kibao na kilengeo hicho kwa pamoja inatia shaka. Inatia shaka tu, haihukumiwi papo hapo, kwa sababu viwanda vilitumia vipuri vilivyobaki ghalani na mafundi wa jeshi walichanganya sehemu wakati wa matengenezo. Mwenye nakala akidai ni bunduki iliyotoka kiwandani bila kuguswa, hoja ya matengenezo haimsaidii.

Chapa nazo husema mengi. Kwenye shingo ya kitako huwa kuna taji, herufi za mfalme, jina la kiwanda na mwaka. Edward wa Saba alifariki Mei 1910, hivyo chapa ya G.R., ya mrithi wake George wa Tano, haiwezi kukaa juu ya mwaka 1908. Enfield na BSA ya Birmingham ni viwanda vya Uingereza; Ishapore ni India na Lithgow ni Australia. Nakala iliyochapwa Lithgow 1909 haina historia, kwa kuwa kiwanda hicho kilikuwa bado hakijaanza kuunda bunduki.

Mbao hupuuzwa mno. Bunduki za Uingereza zilitumia mti wa walnut uliopakwa mafuta ya kitani, ukang'aa kwa mbali tu. Vanishi inayong'aa kama meza ya sebuleni ni kosa, na ni rahisi kulirekebisha.

Komeo lina siri yake. Kwenye Lee-Enfield halisi, springi ya pini hukazwa komeo linaposukumwa mbele. Nakala nyingi za springi hukazwa linapovutwa nyuma, kwa hiyo mkono unahisi kinyume. Hilo husamehewa, maana mtambo wa vidonge hauna nafasi ya kufanya vinginevyo. Lisilosameheka ni mchezaji kubeba magazini tano mfukoni. Magazini ya risasi 10 ilikaa ndani ya bunduki, ikijazwa kutoka juu kwa vishikizo vya risasi tano tano.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna mfano wa karibu zaidi. Katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck walikuwa na bunduki za Mauser ya mtindo wa 1871, ambayo baruti yake nyeusi ilitoa moshi uliofichua alipo mpigaji. Anayetaka kuwaigiza kwa nakala ya Kar98k amekosea kwa zaidi ya miaka ishirini, maana bunduki hiyo ni ya 1935. Lakini baada ya kushinda huko Tanga, Wajerumani waliteka mamia ya bunduki za Waingereza na kuzitumia. Askari wao wa 1915 mwenye bunduki ya Mwingereza, basi, yuko sahihi kihistoria, ingawa mtazamaji asiyejua atadhani amechanganya mambo.

Rangi ya chungwa mdomoni, inayotakiwa na sheria ya Marekani ili ijulikane kuwa si silaha halisi, isihesabiwe kuwa kasoro, wala isiondolewe kwa ajili ya uhalisia. Uhai wa mtu hauwekwi rehani kwa picha nzuri.

Anayetaka kununua achague kwanza mwaka na kikosi, kisha atafute picha za bunduki halisi katika makumbusho kama Royal Armouries ya Leeds na azilinganishe na nakala, sehemu moja baada ya nyingine, kabla ya kutoa fedha.